Kuchagua nyuzi za flati kwa gitaa la besi: mwongozo kwa mpiga besi wa Lubumbashi

Nyuzi za flatwaundi, ambazo wapigaji wengi huziita flati tu, ni ghali. Pakiti moja inaweza kukugharimu mara mbili ya nyuzi za kawaida, na ukitamani zile zinazotengenezwa Vienna utalipa hata zaidi ya hapo. Halafu hapa Lubumbashi ni nadra kuzikuta zimetundikwa dukani. Unamwagiza mtu anayetoka Johannesburg, au anayevuka Kasumbalesa kwenda Kitwe na Lusaka, na zikishafika ni zako. Hakuna kurudisha.

Vijana wa kwaya na wa orkestra huuliza, "Yaya, flati gani ni nzuri?" Kwa hali yetu, swali hilo linakuja mapema mno. Kwanza ujue shingo ya besi yako na vidole vyako vinaweza kubeba mkazo kiasi gani. Pili, ujue wenzako kwenye bendi wamekuachia nafasi gani ya sauti. Ukishajibu hayo mawili, majina ya kampuni yanabaki mawili au matatu.

Flati ni kitu gani

Kila uzi wa besi una kiini cha chuma, na juu yake umezungushiwa waya. Nyuzi za kawaida, za raundi, zimezungushiwa waya wa mviringo, ndiyo maana ukipitisha ukucha juu yake unasikia mikwaruzo. Flati zimezungushiwa utepe bapa, umekaa ubavu kwa ubavu hadi uzi unakuwa laini kabisa. Kidole kinateleza bila kutoa mlio, freti, vile vipande vya chuma vilivyopita shingoni, hazilikagi haraka, na jasho na uchafu havipati mianya mingi ya kujificha. Sauti yake inaanza na pigo la duara, kisha ule mng'ao wa juu unazimika mapema na kuacha nota yenyewe.

Si kitu kipya. Fender walipotoa Precision Bass mwaka 1951, flati ndizo zilizokuwa nyuzi za besi. Nyuzi za raundi zilishika kasi kuanzia 1966, baada ya Rotosound wa Uingereza kuzitengeneza pamoja na John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who. Kwa hiyo ukisikiliza rekodi za mwanzoni mwa miaka ya 1960, iwe rumba ya Léopoldville au soul ya Detroit, besi unayoisikia ama ni kontrabasi ama ni besi ya umeme iliyotoka kabla nyuzi za raundi hazijaenea. James Jamerson, mpiga besi wa Motown, alipiga flati nene za La Bella kwenye Precision yake ya 1962, na alikuwa habadilishi uzi mpaka ukatike. Mzee wa Kamalondo akikuambia besi yako inalia kama gitaa la solo, mara nyingi anachokosoa ni nyuzi, wala si vidole vyako.

Kati ya hizo mbili kuna jamii nyingine. Kuna nusu-raundi, ambazo ni nyuzi za raundi zilizosagwa juu zikawa karibu bapa, na kuna zilizofunikwa utepe wa nailoni. Nusu-raundi zinafaa kwa anayeogopa kuruka hatua nzima. Mimi sizipendi sana. Zinabaki na ukali wa raundi bila ule mng'ao wake.

Nani asinunue

Kama unapiga slap, yaani kidole gumba kinagonga na vingine vinachomoa, acha. Unaweza kupiga slap kwenye flati, lakini ule mlio wa gospel ya kisasa hautoki.

Sababu ya pili inawahusu wengi wetu. Uzi wa mi, mnene kuliko wote kwenye besi ya nyuzi nne (mi, la, re, sol), ukipigwa wazi unatoa herzi 41 hivi, yaani unatikisika mara 41 kwa sekunde. Spika ndogo ya inchi 8 au 10, ile inayopatikana kwenye makanisa mengi ya Katuba na Ruashi, haiwezi kuitoa herzi 41 kwa nguvu. Unachosikia pale ni mawimbi yanayokaa juu ya nota hiyo, 82, 123, 164 na kuendelea, na sikio lako linaijaza nota ya chini lenyewe. Nyuzi za raundi zina mawimbi hayo ya juu kwa wingi; flati zinayo machache. Kwa hiyo flati kwenye spika ndogo, ndani ya ukumbi wenye bati, zinaweza kupotea kabisa, na mpigaji akaongeza besi kwenye ampli, spika ikaanza kukoroma. Kama unapiga zaidi kwenye vyombo vya namna hiyo, ama baki na raundi, ama chagua flati zenye mng'ao, nitakazozitaja mbele.

Zinamfaa nani basi? Mpiga rumba ya taratibu. Mpiga besi wa kwaya kubwa, ambako sauti za watu na kinanda vimeshajaza katikati. Mtu anayerekodi. Mwenye besi isiyo na freti, kwa sababu nyuzi za raundi zinaula ubao wake. Na kwenye sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezea dansi? Watu wanabishana sana hapa. Sebene ina magitaa ya solo na misolo huko juu, ina gitaa la ritimu, ina matoazi ya ngoma, na atalaku, yule anayepaza sauti kuchangamsha dansi, juu ya wote. Besi iking'aa nayo, inagombania chakula kwenye sahani ambayo tayari ina mikono mitano. Flati inashuka chini ya wote na kukaa na ngoma ya mguu. Ila unahitaji flati zenye mkazo wa kutosha, kwa sababu ukipiga haraka kwenye uzi uliolegea nota zinavurugana.

Mkazo: hapa ndipo pesa inapotea

Pakiti inaandika unene kwa sehemu za elfu za inchi. Uzi wa .045 una milimita 1.14, na wa .105 una milimita 2.67. Watu wanasoma namba hizi kana kwamba zinaeleza uzi utakavyokuwa mkononi. Hazielezi. Zinaeleza tu kama uzi utaingia kwenye mfereji wake.

Unachokisikia mkononi ni mkazo. Kwa urefu ule ule na nota ile ile, uzi mzito unadai kuvutwa zaidi. Sasa fikiria utepe bapa. Hauachi mianya kama waya wa mviringo, kwa hiyo kwa unene ule ule unaweza kubeba chuma kingi zaidi. Ndiyo maana mtu anatoka kwenye raundi za 45–105, yaani uzi mwembamba .045 na mnene .105, ananunua flati za 45–105 akidhani amebadilisha sauti peke yake, kisha besi inakuwa ngumu na shingo inapinda. Upande mwingine wapo watengenezaji wanaoujenga uzi wao kuwa mwepesi. Thomastik-Infeld wa Vienna, kwenye Jazz Flats zao JF344, wana .043, .056, .070 na .100, na ni laini kama nyuzi za mtu anayejifunza. Chromes za D'Addario, pakiti ya ECB81, zina .045, .065, .080 na .100. Mi zote mbili ni .100 kwenye karatasi, lakini chini ya kidole ni vitu viwili tofauti.

Kiini nacho kina lake. Kuna viini vya pembe sita na vya mviringo, na kiini kinene kinafanya uzi ukatae kujipinda hata kama mkazo wake si mkubwa. Uzi mgumu wa namna hiyo unaupa mkono upinzani mzuri, lakini usahihi wa nota za freti za juu unakuwa kazi zaidi.

Basi fanya hivi. Andika nyuzi ulizonazo sasa, kampuni na namba. Tafuta mkazo wake kwenye tovuti ya kampuni. D'Addario kwa mfano huandika mkazo wa kila uzi, kwa ratili. Jiulize kwa uaminifu kama unapenda zilivyo. Kama ndiyo, tafuta flati zenye jumla ya mkazo inayokaribiana, hata kama unene wake ni mdogo zaidi. Anayetoka kwenye raundi za 45–105 mara nyingi anakaa vizuri kwenye flati za 45–100 au 43–104. Angalia pia uwiano wa ndani ya pakiti, kwa sababu kwenye baadhi ya flati uzi wa re unavutwa zaidi ya majirani zake, na mkono unauhisi kila unapovuka.

Kama bendi yenu inashusha nota nusu toni ili mwimbaji apumue, hesabu inabadilika kwa faida yako. Kushusha nusu toni kunapunguza mkazo kwa asilimia 11 hivi. Kushusha toni nzima kunapunguza karibu asilimia 21. Pakiti iliyo ngumu kwa mwenzako inaweza kuwa sawasawa kwako.

Ninakazia haya kwa sababu nimeona besi nyingi mjini zenye shingo za bei nafuu, ambazo chuma cha ndani kinachozinyoosha kimeshakazwa mpaka mwisho. Shingo ya namna hiyo usiipe 52–110. Mpe mwenye nayo Thomastik, au abaki alipo.

Utepe wa madini gani

Chuma kisichoshika kutu ndicho kinachong'aa zaidi na kutoa sauti ya nguvu, na jasho halikisumbui sana. Nikeli ni ya joto zaidi na laini chini ya kidole. Monel ni mchanganyiko wa nikeli, karibu theluthi mbili, na shaba, karibu theluthi moja. Sisi watu wa mji wa shaba tunapaswa kuipenda kwa asili. Rotosound wanaitumia kwenye flati zao za mfululizo wa 77, zenye sauti ya mgongano na ukali kidogo. Ernie Ball wana flati zenye aloi ya kobalti, nayo pia ni madini ya kwetu, na hizo ni miongoni mwa flati zenye mng'ao mkubwa.

Pima kabla ya kuagiza

Hapa chukua sentimita ya mshonaji. Usikadirie kwa macho.

Anza kwenye daraja, pale ambapo kile kipete cha mwisho wa uzi kinakaa, siyo kwenye kijidaraja kinachobeba uzi. Vuta sentimita mpaka kwenye kizingiti, kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji minne mwanzo wa shingo. Kwenye besi ya kawaida ya inchi 34, umbali kutoka kizingiti hadi kijidaraja ni milimita 864 hivi, na ukiongeza kipande cha daraja unakaribia sentimita 90. Kisha pima kutoka kizingiti mpaka ufunguo wa kukazia uzi wa mi, ambao kwenye vichwa vya namna ya Fender ndio ulio karibu zaidi.

Umbali huu ni muhimu kwa sababu uzi wa flati una sehemu mbili: utepe wenyewe, halafu mwishoni sehemu nyembamba iliyofunikwa nyuzi za hariri za rangi. Utepe lazima uvuke kizingiti. Hariri lazima ianze kabla ya kufika kwenye ufunguo. Ukiwa mrefu kupita kiasi, utalazimika kuuzungusha utepe mnene kwenye ufunguo, nao unaweza kupasuka au kufunguka. Ukiwa mfupi, hariri inakaa juu ya kizingiti au hata juu ya freti, na uzi huo umeharibika kwa kazi yako. Kwa D'Addario, nyuzi za urefu wa kawaida zina utepe wa sentimita 92 hivi kutoka kwenye kipete. Kampuni nyingine zinatofautiana kidogo, kwa hiyo linganisha na vipimo vyako.

Besi fupi za inchi 30, zile zenye umbo la fidla kama Höfner, zinataka nyuzi fupi. Usinunue ndefu ukitegemea kukata. Na kama nyuzi zako zinapita ndani ya mwili wa gitaa zikitokea mgongoni, utahitaji ndefu zaidi, na ujue watengenezaji kadhaa hawashauri flati zao zikunjwe kwa pembe kali namna hiyo. Kama daraja lako linaruhusu njia zote mbili, pitisha juu.

Mwenye besi ya nyuzi tano, pima na uzi wa si, ule mnene wa tano. Uzi wa si wa flati ni mnene sana. Chromes wanao wa .132, Thomastik wa .136. Unataka mfereji mpana kwenye kizingiti, na ufunguo wenye tundu linalotosha.

Majina, kwa ufupi

Anayetaka kuingia bila hatari kubwa: Chromes ECB81. Ni za chuma kisichoshika kutu, zina mng'ao zikiwa mpya, mkazo wake ni wa kati kuelekea juu, na ndizo rahisi kupatikana kwa msafiri. Kwa spika ndogo za kanisa ningeanzia hapa, au kwa Ernie Ball za kobalti.

Anayetaka ule mlio wa mti, wa rumba ya zamani: La Bella Deep Talkin' Bass. Zipo za 43–104 na za 45–105. Zile za 52–110, za Jamerson, ni za mtu mwenye besi imara na vidole vya fundi ujenzi.

Anayetaka ulaini, au mwenye shingo dhaifu, au anayepiga nota nyingi za kuimba: Thomastik Jazz Flats. Mkono mzito hautazipenda. Zinatikisika kwa upana na kugonga freti. Ila kwa mkono mwepesi sijasikia flati inayoimba kuliko hizi.

Anayepiga kwa nguvu na kutaka ukali: Rotosound 77. Steve Harris wa Iron Maiden ana pakiti yake humo, ya 50–110. Watu wanadhani flati ni za muziki wa wazee peke yake, kumbe yule bwana anakimbia nazo kama farasi.

Ukimwagiza msafiri, usimwandikie "nyuzi za besi za flati". Mwandikie namba ya pakiti, idadi ya nyuzi, unene wa kwanza na wa mwisho, urefu wa skeli (kutoka kizingiti hadi kijidaraja), na mtumie picha ya pakiti yenyewe. Ongeza na chaguo la pili, kwa sababu dukani ataambiwa la kwanza limeisha, na bila maelezo atakununulia nusu-raundi. Na nyuzi akizinunua, asizikunje zikae bapa kwenye begi. Zibaki kwenye duara lake.

Kuzifunga

Badilisha uzi mmoja mmoja. Ukizitoa zote kwa pamoja shingo inaachiwa ghafla, na kama kizingiti hakijagundishwa kinaweza kudondoka.

Anza na mi. Pitisha uzi kwenye daraja, uulaze juu ya kijidaraja na mfereji wake, uunyooshe mpaka usawa wa ufunguo wake. Endelea nao sentimita 10 mpaka 12 kupita ufunguo, hiyo inatosha mizunguko miwili hadi mitatu. Sasa simama kidogo. Kabla hujakata, kunja uzi kwa koleo, pembe ya mraba kabisa, mahali utakapokata. Kata mbele ya kona hiyo, upande wa ncha, ili kona ibaki kwenye uzi. Kona inabana kiini na utepe pamoja. Ukikata uzi wenye kiini cha mviringo bila kuukunja, utepe unaweza kuanza kuteleza juu ya kiini, na uzi wa dola nyingi unakufa mkononi mwako kabla haujapigwa nota moja. Hutaona kitu, utasikia tu kwamba hautoi sauti safi na haukai kwenye tyuni.

Ingiza ncha kwenye tundu la ufunguo, zungusha kuelekea chini ili kila mzunguko ukae chini ya uliotangulia. Angalia hariri: inapaswa kuwa ndiyo iliyo kwenye ufunguo, na utepe uwe umeshapita kizingiti. Usiache uzi ujisokote wakati unakaza. Ushike kwa vidole karibu na kizingiti ukae kama ulivyotoka pakitini. Zikiwa zimefika kwenye tyuni, bonyeza kila uzi taratibu mara moja mbele ya kijidaraja na mara moja baada ya kizingiti, ili ukunjike palepale unapopaswa kukunjika. Nota inatulia mara moja.

Kama umeongeza unene, angalia kizingiti. Uzi wa .110 kwenye mfereji wa .105 unakaa juu juu, na freti za kwanza zinakuwa ngumu na kupanda nota. Mfereji unapanuliwa kwa faili nyembamba, taratibu, pande zote. Kama hujawahi kufanya, mpe fundi. Kizingiti kilichozidi kuchimbwa hakirudi.

Weka kwenye tyuni, acha besi ilale usiku mmoja, tyuni tena. Ndipo uanze marekebisho.

Shingo, kimo na usahihi wa nota

Kwanza shingo. Bana nyuzi kwenye freti ya kwanza kwa kapo, kile kibanio cha shingo, bonyeza mi kwenye freti ya mwisho, kisha angalia nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Inayotafutwa ni kama milimita 0.3. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina milimita 0.1 hivi, kwa hiyo karatasi tatu zipite zikigusa kidogo tu. Nafasi ikiwa kubwa, legeza nyuzi kidogo, kaza chuma cha ndani ya shingo kuelekea upande wa saa, robo mzunguko, tyuni, pima tena. Ikiwa ndogo au hakuna, legeza robo mzunguko. Ukihisi chuma kinakataa, acha hapo hapo. Flati ngumu karibu kila mara zitakudai kukaza. Thomastik karibu kila mara zitakudai kulegeza.

Halafu kimo. Kwenye freti ya 17, nafasi kati ya mi na freti iwe kama milimita 2.4, na sol kama 2. Huna kipimo? Kadi ya benki ina milimita 0.76, kadi tatu zikiwa pamoja zipite chini ya mi bila kulazimishwa. Uzi wenye mkazo mkubwa hautikisiki kwa upana, kwa hiyo unaweza kuushusha kidogo zaidi. Mlegevu utakuomba nafasi.

Mwisho usahihi wa nota. Piga harmoniki juu ya freti ya 12, yaani gusa uzi tu bila kuubonyeza, kisha bonyeza freti hiyo hiyo na upige. Nota ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kijidaraja nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Tyuni kila baada ya kusogeza. Usishangae kijidaraja cha mi kikirudi nyuma kuliko kilivyokuwa na raundi.

Mji wetu una kiangazi kirefu kisicho na tone la mvua, kisha Novemba inakuja na unyevu wake. Mti wa shingo unasogea misimu inapobadilika. Rudia kipimo cha karatasi mvua zinapoanza na zinapokatika.

Mikro na ampli

Flati zikipoteza sauti usiongeze besi. Ongeza katikati, kati ya herzi 500 na 800, huko ndiko besi inakosikika kwenye kelele za bendi. Punguza kabisa chini ya herzi 40 kama ampli inakuruhusu. Trebo, yaani sauti za juu, iache wazi kwenye gitaa, uishushe kwenye ampli ukitaka.

Inua mikro, kile kipokezi cha sauti kilicho chini ya nyuzi, kidogo upande wa sol kama nyuzi nyembamba zinafifia. Na ukitaka ule mlio mfupi wa zamani, kata kipande cha sponji, kiweke chini ya nyuzi karibu na daraja, kiguse tu. Hii inagharimu sponji ya kuoshea vyombo, na kwenye rumba ya taratibu inafanya kazi kuliko pedali nyingi ninazoziona zikibebwa mjini.

Siku za kwanza flati zinang'aa na kunata vidoleni. Wengi wanazitoa katika wiki hiyo hiyo na kusema wameibiwa. Zipe mwezi wa kupigwa kweli. Utepe unalainika, mng'ao unashuka, na nota inakuwa nzito.

Kuzitunza na kuzinunua kuukuu

Zifute kwa kitambaa kikavu baada ya kila repetisyo (mazoezi). Zikinata sana, kitambaa chenye spiriti kidogo, mbali na ubao. Usizichemshe kama watu wanavyochemsha raundi. Maji yanaingia chini ya utepe yasipoonekana, na kutu inaanzia ndani.

Kwa sababu zinadumu miaka, flati kuukuu ni biashara halali, na kwa mfuko wa mwanafunzi ndiyo njia bora ya kuanza. Muulize muuzaji zilitoka kwenye besi ya aina gani. Nyuzi zilizokatwa kwa ajili ya kichwa kifupi hazitafika kwenye kingine. Pitisha kidole kutoka mwisho hadi mwisho: ukikuta kona, mpasuko wa utepe au doa la kutu, achana nazo. Kama zingali kwenye besi yake, fanya jaribio la freti ya 12 kwa kila uzi. Uzi ambao vijidaraja vimesogezwa mpaka mwisho na bado nota haikai, umekwisha. Na unapozitoa wewe mwenyewe ili kuuza au kujaribu nyingine, zilegeze taratibu, nyoosha ncha kidogo tu upite kwenye tundu, zikunje kwenye duara kubwa, na uandike kwenye bahasha kampuni, unene na besi zilikotoka.